Mnakondesha mtutu wa nini?

Kwenye Call of Duty: Mobile, ukifungua ile sehemu ya kuunda bunduki, mtutu mwepesi ni kitu ya kubonyeza mara moja. Unasonga haraka, unalenga haraka, unapoteza umbali kidogo na maisha yanaendelea. Sasa wasee wengi wamekuja kuamini hata bunduki ya ukweli iko hivyo. Juzi mmoja wenu ameniandikia ati binamu yake yuko Texas, anawinda kulungu, na anataka kupelekea fundi bunduki yake ikerezwe mtutu uwe mwembamba juu inamlemea mabega. Akaniuliza, "Buda, si hiyo ni kama tu kwa gemu?"

Zii. Mwambie huo unene auache.

Sisemi uzito ni uongo. G3, ile bunduki ndefu umeona polisi na wanajeshi wetu wakibeba kwa miaka, ina zaidi ya kilo 4 kabla hata ya risasi. Shika mtungi wa maji wa lita 4 kwa mkono mmoja kutoka steji mpaka kwenu, halafu uniambie ulibadilisha mkono mara ngapi. Mtu anayetembea porini siku nzima ana haki ya kutafuta wepesi. Mimi nabishana na mahali anaenda kuutafuta.

Hebu tupige hesabu, haitauma. Chukua mtutu wa chuma wa sentimita 60, unene milimita 20 kutoka nyuma hadi mbele, tundu lake milimita 7.62. (Mitutu mingi huwa minene nyuma halafu inapungua ikienda mbele, lakini wacha tuurahisishe.) Huo una kama kilo 1.27. Ukiukereza ufike milimita 16, unabaki na gramu 730 hivi. Umeokoa zaidi ya nusu kilo, sherehe. Sasa angalia upande ule mwingine. Uzito unafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara mbili, lakini nguvu ya mtutu kukataa kupinda inafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Kwa hivyo umetoa asilimia 42 ya uzito, na asilimia 60 ya ile nguvu imeenda nayo. Kwa gemu hiyo ya pili huwa hawakuonyeshi.

Na inajalisha kwa sababu mtutu si paipu imekaa tu hapo. Risasi ikitoka, chuma chote kinatetemeka kama waya wa gitaa. Mtutu mwembamba unatetemeka zaidi, na kila kitu kidogo kinaanza kuonekana kwa shabaha: umeegemeza wapi, umebadilisha aina ya risasi, umeshika kwa nguvu kiasi gani.

Halafu kuna moto. Mtu yeyote amewahi pika ugali kwa sufuria nyembamba anajua ninachosema. Inashika joto mbio, haina pa kuliweka, na ukizubaa imeungua. Mtutu ni vile vile. Risasi ya kwanza na ya pili ziko sawa, na kusema ukweli mwindaji mwingi hafiki ya tatu. Lakini ukifyatua kumi mfululizo, joto linapanda juu chuma ni kidogo, na risasi zinaweza kuanza kutangatanga.

Kitu hata binamu pengine hajaambiwa ni hii. Mitutu mingi, ile mifuo ya ndani inayozungusha risasi hutengenezwa kwa kupitisha kifaa kigumu ndani ya tundu, kinakandamiza chuma mpaka alama zinabaki. Chuma kinabaki na mkazo ndani yake. Ukikuja baadaye ukereze nje, ule mkazo unalegea, na tundu linaweza kutanuka kidogo, mbaya zaidi likiwa karibu na mdomo pale risasi inaaga. Hauioni kwa macho. Ndio maana watengenezaji wazuri huupasha mtutu joto maalum kuondoa mkazo, na hupanga mapema ni lini nje itakerezwa. Anayetaka mtutu mwembamba anunue ule ulizaliwa mwembamba. Kuchukua mzuri uliokuwa unalenga vizuri na kuupeleka kwa mashine ni kamari, na fundi atalipwa ikikubali ama ikikataa.

Story yenye hunifanya nichukie hii tabia ya kuamua uzito kwa kukisia inatoka jeshi la Marekani. M16A1 ilikuwa na mtutu mwembamba, bunduki nzima kama kilo 2.9. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marine wakasukuma toleo jipya, M16A2, na mtutu ukaongezwa unene. Lakini wapi? Mbele pekee, ile sehemu inaonekana. Chini ya kishikio cha mkono wakaacha mwembamba, kwa sababu kile kirusha-bomu cha M203 kilikuwa kinashikilia hapo. Bunduki ikafika karibu kilo 3.4 (si mtutu pekee, kitako pia kiliongezwa urefu). Mmoja wa maofisa wa huo mradi amesimulia baadaye kwamba sababu kubwa ilikuwa mitutu kuonekana imepinda, kwa vile kipimo kilikuwa kinakwama ndani. Walipokuja kuchungulia kwa kifaa cha kuangalia tundu, wakapata kilichokuwa kinakwamisha ni uchafu wa shaba ya risasi umejikusanya pale kwenye tundu la gesi. Mtutu ulikuwa umenyooka! Lakini uamuzi ulikuwa umepita, na vijana wa miaka 19 wakabeba hicho chuma cha ziada miaka na miaka.

M4 nayo ikarithi huo wembamba wa chini ya kishikio. Julai 2008, kule Wanat, Afghanistan, wanajeshi 9 wa Marekani waliuawa wakitetea kambi ndogo, na baadhi ya walionusurika walisimulia bunduki zao zikishika moto na kugoma. Siwezi sema mtutu ndio uliwaua. Walizidiwa, na bunduki yoyote ukiifyatua bila kupumzika vile itafika mwisho. Lakini jeshi lilipoanza kubadilisha M4 zake kuwa M4A1 miaka ya 2010, mtutu mpya ulikuwa mnene zaidi hapo hapo chini ya kishikio. Walirudisha uzito, na waliurudisha mahali moto uko.

Kuna watu wataniambia, basi achonge mifereji kwa mtutu, si inaongeza nguvu. Hapana. Mtutu wenye mifereji una nguvu kuliko mtutu laini wenye uzito sawa na wake. Ukilinganisha na ule wa kwanza kabla ya kuchongwa, umepungukiwa. Wauzaji hupenda kuruka hiyo sentensi ya mwisho.

Sasa, binamu afanye nini? Kama lazima mashine iguse mtutu, akate urefu, asikonde. Ule wetu wa sentimita 60 ukikatwa hadi 50 unapoteza gramu 210 hivi, na unakuwa mgumu kupinda kwa zaidi ya asilimia 70 kwa sababu sasa ni mfupi. Risasi inapoteza kasi kiasi, na mdomo lazima ukatwe upya na mtu anayejua kazi, maana mdomo mbovu unaharibu kila kitu. Sheria ya Marekani inasema bunduki ya aina hiyo isishuke chini ya inchi 16 za mtutu bila kusajiliwa kipekee, kwa hivyo 50 iko salama.

Lakini kabla ya hapo apime darubini yake. Zile kubwa watu hupenda kupiga nazo picha zinafika gramu 800 na zaidi, na za kulungu wa karibu ziko nusu ya hapo. Atoe hiyo, aweke ndogo, abadilishe na mkanda wa bega awe na mpana. Ataokoa karibu sawa na fundi angemtolea, chuma hakijaguswa, na akijuta atairudisha kwa dakika kumi na bisibisi.