Kufuli la Bweni Halilindi Mtoto

Kila mwanzo wa muhula, kwenye malango ya shule za bweni nchini Kenya, wazazi hufanya ukaguzi wao wa kimyakimya. Sanduku la bati limeshushwa, godoro limeegemezwa ukutani, ndoo ina sabuni na viatu vya mpira. Mtoto akiwa kwenye foleni ya karani, mzazi anazungusha macho. Ukuta una kimo cha kutosha? Juu umewekwa nyaya za miba? Lango ni la chuma? Soja ana rungu na daftari la wageni? Madirisha ya bweni, yale yanayoonekana kwa mbali, yana vyuma? Akiridhika, analipa karo, anamwachia mtoto pesa za matumizi, na kupanda matatu ya kurudi nyumbani akiwa ametulia: mwanangu yuko salama, shule imefungwa vizuri.

Hakuna imani iliyokita mizizi miongoni mwa wazazi wa Afrika Mashariki kama hiyo, na ni chache zilizowagharimu watoto wao kiasi hicho.

Machi 1998, moto uliwaka usiku katika bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Bombolulu, huko Kwale. Mlango ulikuwa na kufuli, madirisha yalikuwa na vyuma. Wasichana 26 walikufa. Nchi ililia, wakubwa wakahutubia, wengi wakaapa kwamba jambo lile halitarudiwa. Machi 2001, miaka mitatu tu baadaye, bweni la wavulana la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliteketea. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma vilevile, na vijana wakasongamana kwenye mlango uliosalia. Safari hii waliokufa walikuwa 67. Mzazi ambaye angetembelea bweni lolote kati ya hayo mawili mchana uliotangulia mkasa angeondoka ameridhika. Vyuma vilikuwepo. Kufuli lilikuwepo.

Ukuta wa shule unatazama nje, kumtafuta adui anayekuja kutoka kijijini. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Walioshtakiwa kwa moto wa Kyanguli walikuwa wanafunzi wa shule hiyohiyo. Mwaka 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walichomwa wakiwa katika chumba chao cha kulala, na waliofanya hivyo walikuwa wanafunzi wenzao. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika moto wa Moi Girls, Nairobi, na mahakama ikampata mwanafunzi mmoja na hatia ya kuua bila kukusudia. Hata mkasa wa St. Kizito, Meru, Julai 1991, ambao hadi leo unawatia wazazi wa wasichana baridi ya mwili, haukuletwa na majambazi. Wavulana wa shule hiyohiyo ndio waliovamia bweni la wasichana. Wasichana 19 wakapoteza maisha na wengine wengi wakanajisiwa. Ukuta mrefu ungemzuia nani usiku ule?

Mtetezi wa kufuli ana hoja zake, na si za kipuuzi. Kuna wezi wa magodoro. Kuna wavulana wanaotoroka kwenda disko matanga na wasichana wanaoviziwa na waendesha bodaboda. Tangu Aprili 2015, watu 148 walipouawa na al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, hakuna mzazi anayeweza kuambiwa kwamba adui wa nje ni ndoto. Lakini hoja hizo zote zinadai mlinzi aliye macho, taa zinazowaka usiku kucha, na mlango imara wenye komeo linalofunguliwa kwa ndani. Hakuna hata moja inayodai kwamba watoto zaidi ya mia wafungiwe kwa kufuli la nje, na ufunguo ulale na matroni katika nyumba nyingine. Komeo la ndani linamzuia mwizi. Kufuli la nje linamzuia mtoto.

Na moto wa bwenini hausubiri ufunguo. Vitanda vya deka vimebanana, kila kimoja kina magodoro mawili ya sponji, juu yake blanketi, na chini yake sanduku, vitabu na nguo. Sponji ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi mweusi wenye sumu, na moshi huo huwafikia waliolala kabla ya ndimi za moto. Aliye kitanda cha juu huuvuta kwanza, kwa kuwa moshi hupanda darini. Umeme unakatika. Sasa mtu mzima aliyeamshwa usingizini saa nane usiku anakimbia gizani na kitita cha funguo zinazofanana, anajaribu wa kwanza, anajaribu wa pili, mikono inatetemeka. Ndani, watoto wanavuta mlango unaofunguka kuelekea ndani, huku wenzao wa nyuma wakiwasukumia papo hapo. Mlango wa namna hiyo hauwezi kufunguka hata ukiwa hauna kufuli.

Serikali ya Kenya inayajua haya yote kwa muda mrefu. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na katika suala la mabweni hauna maneno ya kubabaisha. Mlango uwe na upana wa futi 5 au zaidi na ufunguke kwa nje. Bweni liwe na mlango kila upande, na wa tatu wa dharura katikati, wenye maandishi yanayosomeka. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda iachwe mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Mlango usifungwe kwa nje wakati wowote watoto wakiwa ndani. Kwa maneno mengine, bweni linalompa mzazi amani pale langoni, lenye vyuma madirishani na kufuli mlangoni, ndilo linalovunja kanuni.

Kwa nini basi vyuma bado vipo? Walimu wakuu wengine hawajali, ni kweli, na wakaguzi wengine huishia ofisini kwenye chai na mandazi. Ila kuna sababu ambayo hutajwa kwa nadra: wazazi wenyewe wanavitaka. Mwalimu mkuu anayeng'oa vyuma kwa kufuata mwongozo huulizwa mkutanoni ni nani atakayelipa masanduku yakiibwa, na msichana akipatikana nje ya shule atajibu nini. Anayeongeza kufuli hupigiwa makofi. Basi anaongeza kufuli.

Moto ukishatokea, zinasikika sauti za aina mbili. Moja inataka ukuta uongezwe. Nyingine inataka fimbo irudi. Hii ya pili inapendwa sana redioni: watoto walianza kuchoma shule, wasemaji hudai, siku serikali ilipowanyang'anya walimu kiboko. Kalenda haikubaliani nao. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. St. Kizito ilikuwa 1991, Bombolulu 1998, Nyeri 1999. Fimbo ilikuwa ingali mezani kwa mwalimu. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambako sheria inaruhusu viboko hadi leo, zaidi ya wasichana 40 waliteketea katika shule ya Shauritanga, Rombo, Juni 1994. Wasichana 12 wakafa katika shule ya Idodi, Iringa, mwaka 2009. Na wavulana 10 wa shule ya msingi wakafa Kyerwa, Kagera, Septemba 2020. Moto wa Idodi ulihusishwa na mshumaa. Mshumaa hauogopi kiboko.

Elizabeth Cooper, mtafiti aliyechapisha kitabu mwaka 2022 kuhusu uchomaji wa shule nchini Kenya, anaonyesha kwamba wanafunzi wengi huuona moto kama njia pekee inayowafanya wakubwa wasikilize. Hilo halimtakasi anayewasha kiberiti. Linaonyesha tu kwamba shule yenye mahali pa kupeleka malalamiko ya chakula, mitihani na ukatili wa viranja, na mtu mzima anayeyajibu, ina kinga ambayo hainunuliwi kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 zilichomwa katika muhula mmoja. Kuta zao zilikuwa zimesimama wima.

Septemba 2024 ilikuja zamu ya Hillside Endarasha, Nyeri. Hii ilikuwa shule ya msingi. Wengi waliokufa walikuwa bado hawajabaleghe. Wavulana 156 walikuwa wamelazwa katika bweni moja lililojengwa kwa mbao. Barabara zilikuwa tope kwa mvua, na gavana wa kaunti akasema hilo liliwachelewesha waokoaji. Waliokufa walifika 21. Lakini kilichowatesa wazazi zaidi ya moto wenyewe kilikuja siku iliyofuata. Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani walipo. Kumbe baadhi walikuwa wamehifadhiwa na majirani, na wengine wamechukuliwa na jamaa zao usiku uleule, bila mtu kuandika jina. Wazazi walishinda pale, wengine wakilia, wengine wakipiga simu kwa kila ndugu, wakati hakuna aliyeweza kuwaambia kama wanatafuta mtoto au maiti. Miili ilikuwa imeungua kiasi cha kuhitaji vipimo vya vinasaba.

Hapo ndipo imani ya ukuta inapoonyesha uchi wake. Fedha zote zilizowahi kuchangwa kwa ajili ya lango hazikumpa mtu hata mmoja orodha ya majina. Mpango wa dharura haugharimu saruji. Ni daftari la bweni linalojazwa kila usiku na kuhifadhiwa nje ya bweni. Ni mahali palipokubaliwa, chini ya mti fulani au kwenye goli la uwanja, ambapo kila mtoto anajua akimbilie na asimame ahesabiwe. Ni mtu mmoja aliyeteuliwa kupokea simu za wazazi, na sharti kwamba hakuna mtoto anayeondoka na mtu, awe mjomba au chifu, kabla jina halijaandikwa. Ni mazoezi ya kutoka bwenini usiku, taa zikiwa zimezimwa, angalau mara moja kwa muhula. Februari 2020, watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi wakitoka darasani jioni. Hapakuwa na moto wala jambazi. Kuteremka ngazi nako kunafundishwa.

Baada ya Endarasha, wizara ilikagua mabweni na kuamuru sehemu za bweni katika shule 348 zifungwe kwa kutotimiza viwango. Baadhi ya wazazi walilalamika, si kwa sababu shule ziliwahatarisha watoto wao, bali kwa sababu zimefungwa na sasa mtoto atakaa wapi. Malalamiko hayo yanaeleweka kwa mama anayefanya kazi ya usiku mjini. Hata hivyo yanaonyesha jinsi bweni lilivyogeuzwa kabati: unaweka, unafunga, unaondoka.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mzazi nafasi katika bodi ya usimamizi na katika chama cha wazazi. Nafasi hiyo huishia kwenye mjadala wa basi jipya, bei ya sare na alama za mtihani. Siku ya kutembelea, familia huketi kwenye nyasi, chapati na kuku vikafunuliwa, na bweni hubaki kule nyuma kama chumba cha mganga ambacho mgeni haruhusiwi kuchungulia. Mzazi anayelipia kitanda hajawahi kukiona.

Basi mzazi atakapoitwa mkutanoni na kuambiwa shule inachangisha pesa za kuinua ukuta, asitie mkono mfukoni haraka. Aombe kwanza kupelekwa bwenini. Ausukume mlango kwa mkono wake aone unafunguka upande gani, ahesabu milango, apite kati ya vitanda bila kugeuka ubavu. Amuulize matroni, si mwalimu mkuu, ufunguo hulala wapi saa nane usiku na daftari la majina liko wapi. Amuulize mtoto wake, wakiwa wawili tu, mara ya mwisho walifanya lini zoezi la kutoka gizani. Majibu yakiwa ya kubabaisha, pesa za ukuta zipelekwe kwa fundi, akang'oe vyuma vya madirisha na kutoboa mlango wa tatu, na kikao kijacho kisifanyike kabla kazi hiyo haijakamilika.