Kidonge cha Ujana na Ncha za Neva
MIZANI YA WIKI
Na Rehema Mbarouk

Vidonge vya NMN vinauzwa kwa ahadi kwamba vitaongeza NAD, molekuli inayoziwezesha seli kupata nishati na ambayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Hoja hiyo ina msingi. Lakini ndani ya neva NMN ina kazi ya pili isiyoandikwa kwenye kopo. Nyuzi za neva zina kimeng'enya kiitwacho SARM1, ambacho kikiamka huila NAD mpaka uzi ukakatika, na kinachokiamsha ni NMN kuzidi wakati NAD inapungua. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba neva iliyojeruhiwa hurundika NMN, na kwamba mrundikano huo ukizuiwa, uzi huchelewa kufa.

Watetezi watasema panya waliolishwa NMN mwaka mzima hawakudhurika, na kwamba katika jaribio la Marekani la mwaka 2021, wanawake walioelekea kupata kisukari walimeza miligramu 250 kwa siku na misuli yao ikaitikia insulini vizuri zaidi. Ni kweli. Neva yenye afya ina mlinzi, kimeng'enya NMNAT2, kinachoigeuza NMN kuwa NAD. Tatizo ni kwamba mlinzi huyo hadumu, na kila mara hutumwa upya kutoka kitovu cha seli hadi nchani. Vinkristini, dawa ya saratani, huvuruga usafiri huo. Tena tuna funzo la Vacor, sumu ya panya iliyoondolewa sokoni Marekani mwaka 1979, ambayo watu walioimeza walipata kisukari na kuharibika neva. Baadaye ilibainika kwamba mwili huigeuza kuwa kemikali ya jamii ya NMN, inayoamsha SARM1 ile ile. Siilinganishi NMN na sumu hiyo kwa ukali, ila mlango uliopitiwa ni mmoja.

Kwa hiyo usalama wa kidonge hiki unategemea hali ya neva za anayekimeza. Mzee, mwenye kisukari anayehisi ganzi miguuni na anayetibiwa saratani ndio wenye hamu ya nguvu mpya, na ndio ambao huenda mlinzi wao ameshachoka. Jaribio la wiki 10 lililopima insulini haliwezi kuwatolea hukumu. Atakayeniambia ningoje ushahidi wa madhara, namjibu kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa muuzaji. Hadi aubebe, mwenye ganzi asilifungue kopo hilo kabla ya kumwona daktari.