Picha ya Kivuko Haipigwi Tena

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, magari yanavuka kutoka Kigongo, huku kwetu Misungwi, hadi Busisi bila kungoja kivuko. Picha za foleni ya kivukoni zimekuwa kumbukumbu. Hakuna atakayeweza kuzipiga upya. Kwa hiyo huniuma kusikia, studioni na kwenye steshenari, madai yanayoziharibu picha kama hizo. Nayajibu moja baada ya jingine.

"Geuza JPEG iwe TIFF au PNG, picha itakuwa safi zaidi." Haitakuwa. JPEG, muundo uliowekewa kiwango mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa taarifa ambazo jicho halizioni kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi. Dagaa aliyeanikwa ukimloweka hulainika, lakini hawi mbichi tena. TIFF au PNG itatunza ulichoipa, pamoja na ukungu wake.

"Kila ukifungua au kunakili JPEG, ubora hupungua." Kufungua na kunakili hakubadilishi picha hata kidogo. Hasara huja unapoihariri na kuihifadhi tena kama JPEG, kwa sababu inabanwa upya kila mara. Hapo ndipo TIFF ina kazi: hariri ndani yake, kisha toa JPEG moja mwishoni, kwa kiwango cha juu cha ubora.

"Weka DPI 300, itachapika vizuri." Namba hiyo ni maelekezo tu kwa printa; haiongezi pikseli. Picha ya pikseli 1,200 kwa 1,800 inatosha kabisa karatasi ya inchi 4 kwa 6, kwa nukta 300 kila inchi. Ukiitanua ijaze A3, zinabaki nukta 100 na kidogo tu kwa inchi, uandike namba yoyote upendayo.

"Nirushie WhatsApp, ni ileile." Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huibana upya na mara nyingi huipunguza pikseli. Itume kama nyaraka, ifike kama ilivyo. Na picha za iPhone zilizo katika HEIC, muundo ulioingia kwenye simu hizo mwaka 2017, zisipofunguka kwenye kompyuta, usipige skrinshoti: skrinshoti huchukua pikseli za kioo, si za picha. Zibadilishe kwa programu, na HEIC yenyewe uihifadhi.

"Ukishatoa JPEG, futa RAW." Naelewa dai hili linatoka wapi: faili ghafi za kamera ni nzito na diski ni ghali. Lakini RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, na JPEG ina 256 kwa kila rangi. Bibi harusi mwenye shela jeupe akisimama darajani saa saba mchana, na bwana harusi mwenye suti nyeusi pembeni yake, ni katika ngazi hizo utakapoipata nakshi ya shela na mikunjo ya suti.

Kubadilisha muundo hakuongezi ubora. Kazi iliyobaki ni kuulinda. Kabla hujageuza chochote, weka faili asili sehemu mbili, usiiguse, ufanyie kazi nakala. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule daraja lilipofunguliwa atauliza watu walivukaje zamani. Tuwe na picha ambamo ataweza kuziona nyuso zao.