Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, mbwa wangu alimng'ata mtoto wa jirani. Naanza na sentensi hiyo kwa kuwa kwa majuma kadhaa niliikwepa. Nilisema kwamba mnyororo ulikatika, kwamba geti liliachwa wazi, kwamba mtoto alikimbia. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini hakuna hata moja lililojibu swali.

Mtoto huyo ana miaka saba. Alikuwa ametumwa dukani, akapita mbele ya nyumba yangu kama anavyopita kila siku, na mbwa akamrukia na kumjeruhi kwenye shavu la mguu. Bibi yake ndiye aliyefanya jambo la maana kuliko sote: aliuosha ule mguu kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, kwa muda mrefu, huku mimi nikihangaika kutafuta funguo za gari. Kituo cha kwanza cha afya tulichokwenda hakikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa. Tuliipata katika hospitali ya pili, tukapewa na tarehe za kurudi kwa dozi zilizofuata. Nilipoulizwa kadi ya chanjo ya mbwa, ilionekana kwamba muda wake ulikuwa umepita miezi mitano. Nina shahada ya uzamivu, ninawafundisha vijana habari za uwajibikaji wa umma, na kadi ya mbwa wangu ilikuwa imepitwa na wakati.

Jioni tuliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Wengi walitaka mbwa auawe usiku huo huo. Mama wa mtoto hakupaza sauti. Aliniambia tu: "Daktari, wewe umesoma. Mbwa wako mbona hakusomeshwa?" Sikuwa na jibu. Aliyeendelea alikuwa mzee mmoja, fundi seremala mstaafu: "Mwanangu, mimi simuulizi mbwa. Nakuuliza wewe. Huyu alijifunza wapi kuwachukia watu?" Hatimaye ilikubaliwa kwamba afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kama wataalamu wanavyoelekeza, kwa sababu mbwa mwenye virusi vya kichaa mateni huonyesha dalili au kufa ndani ya muda huo. Siku 10 zilipita akiwa mzima. Swali la mzee halikupita.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Nilikuwa nikiisoma methali hiyo kama sifa. Leo naisoma kama shitaka.

Simba, ndilo jina lake, alifika kwangu akiwa na umri wa miezi minne. Nilimfunga mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, kwa imani iliyoenea mitaani kwamba mbwa anayezoeana na watu hawezi kuwa mlinzi. Hakutembezwa. Hakumjua mtoto yeyote zaidi ya kelele zilizopita nyuma ya ukuta. Usiku alifunguliwa. Aliponguruma mtu wa nyumbani alipomkaribia, alipigwa fimbo ili ajue nani ni mkubwa. Baada ya miezi michache aliacha kunguruma. Nilijisifu kwa wageni kwamba nimemtia adabu.

Imani hii ya kumwonyesha mbwa ukubwa ina historia yake. Mwaka 1947 mtafiti wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mbwamwitu waliokuwa wamefungiwa katika bustani ya wanyama, akaeleza jinsi walivyogombania madaraka. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech aliandika kitabu kilichoyasambaza mawazo hayo, na wafunzi wa mbwa wakayapokea kama sheria: lazima umshinde mbwa kwa nguvu, la sivyo atakutawala. Lakini Mech mwenyewe aliendelea kuwafuatilia mbwamwitu walio huru kaskazini mwa Kanada, na mwaka 1999 akachapisha makala ya kusahihisha. Kundi la mbwamwitu porini, alieleza, kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Anayeongoza huongoza kwa kuwa ni mzazi. Vita vya madaraka vilikuwa tabia ya wageni waliosongamanishwa gerezani. Tulichukua mwenendo wa wafungwa tukauita maumbile.

Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 uliwahusu wamiliki waliokuwa wamewapeleka mbwa wenye matatizo ya tabia kwa wataalamu. Ulionyesha kwamba mbinu za makabiliano, kama vile kumpiga mbwa, kumpiga teke au kumlaza chali kwa nguvu, zilizusha ukali kwa angalau mbwa mmoja kati ya kila wanne waliofanyiwa. Sababu haihitaji maabara. Mbwa wengi wanaouma hufanya hivyo kwa hofu, na fimbo huongeza hofu.

Hili nililithibitisha kwa aibu. Baada ya zile siku 10 nilimpeleka Simba kwa daktari wa mifugo. Alimshika kichwa, mbwa akakakamaa, akalaza masikio, akageuza macho hadi weupe ukaonekana. Hakutoa sauti hata kidogo. Daktari alilichunguza sikio la kushoto, akaniita nione: lilikuwa limejaa usaha, uambukizi wa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mbwa huyu huwa anaguswa kichwani bila kunguruma. Nikamwambia kwamba zamani alikuwa akinguruma, nikamkomesha.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lote. Mngurumo ni taarifa. Ni mbwa anayesema: usinikaribie, naumia, au, naogopa, nipe nafasi. Kumpiga mbwa kwa sababu amenguruma hakuondoi maumivu wala hofu. Kunaondoa onyo tu. Anayebaki ni mnyama yule yule, mwenye kidonda kile kile, ambaye sasa amefundishwa kuuma bila kutangaza.

Msomaji wa safu hii atakuwa ameanza kuona ninakoelekea, nami nataka niwe mwangalifu. Sisemi kwamba raia ni mbwa, wala mwanafunzi, wala mtumishi. Ninayemzungumzia ni mwenye fimbo, kwa kuwa mkono huo hauna kazi moja. Ni ule ule unaoingia darasani, ambako kanuni zetu kuhusu adhabu ya viboko bado zinaishi. Ni ule ule ofisini, ambako mtumishi wa chini akileta taarifa kwamba dawa zimekwisha au mradi unakwama, huulizwa ametumwa na nani. Baada ya muda taarifa hizo hukoma, na wakubwa huandika kwamba hali ni shwari. Mimi pia niliwaambia wageni kwamba hali ya mbwa wangu ni shwari.

Basi nini kifanyike kwa mbwa ambaye tayari ameharibika? Nitaeleza tulichofanya, kwa kuwa wengi mnafuga na wengi mnakabiliwa na tatizo hili bila kulitaja. Kwanza tulitibu sikio. Kisha tukaondoa mnyororo na kuzungushia uwa sehemu ya nyuma. Tukaanza kumtembeza asubuhi na jioni kwa kamba imara, akiwa amevishwa kifuniko cha mdomo alichozoeshwa polepole kwa kupakwa chakula ndani yake. Nyumbani tulikubaliana maneno machache: kaa, njoo, acha. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na amri yake, na mbwa aliadhibiwa kwa kutoelewa lugha ambayo sisi wenyewe hatukuwa tumekubaliana.

Kazi ngumu ilikuwa watoto. Tulisimama mbali na njia ya shule, mbali kiasi kwamba Simba aliwaona watoto wakipita lakini mwili wake ulibaki mlegevu. Kila mtoto alipotokea, alipewa dagaa mkavu. Mtoto alipopotea, dagaa aliisha. Baada ya majuma tulisogea hatua chache. Siku aliyokakamaa tulirudi nyuma, bila kelele na bila kipigo, kwani kukakamaa kulituambia kwamba ni sisi tuliokwenda haraka. Mwezi wa tatu alinguruma kwa mara ya kwanza tangu zamani, pikipiki ilipotupita karibu mno. Kijana wangu aliinua mkono kwa mazoea, kisha akaushusha. Tukamwondoa pale. Nilifurahi kumsikia.

Anayedhani haya ni mambo ya kizungu aende Morogoro. Pale, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya huwa hachapwi. Husikilizishwa mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha chakula anapopatia. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA kwa kugundua mabomu yaliyookoa maisha ya watu. Ikiwa nchi hii inaweza kumfundisha panya kazi ya hatari kiasi hicho kwa ndizi na subira, haina udhuru wa kumfundisha mbwa kukaa kwa fimbo.

Suala hili si la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua takribani watu 59,000 kila mwaka, wengi mno Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Takribani asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Hata hivyo huu ni ugonjwa ambao kinga yake inajulikana tangu siku za Louis Pasteur, mwaka 1885. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kuendelea kufanya hivyo, maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja zilizoanza mwaka 2010 ziliuondoa ugonjwa huo. Uliporudi mwaka 2016, baada ya chanjo kuzorota, kampeni zilifufuliwa na ugonjwa ukaondolewa tena. Somo ni la wazi: kinga hudumu kadiri uwajibikaji unavyodumu.

Badala yake, katika halmashauri nyingi sera inayoonekana kwa macho ni bunduki na sumu. Mbwa wanaozurura huuawa kwa siku mbili, picha hupigwa, kisha mwaka unaofuata wanaonekana wengine. Kuua peke yake hakujazuia ugonjwa, kwa sababu wanaouawa ni pamoja na waliokwisha chanjwa, na nafasi yao hujazwa upesi na wadogo wasio na kinga. Tena wengi wa hao tunaowaita koko wana wenyewe. Wana nyumba wanakolala, na mwenye nyumba ambaye hukana kuwafahamu siku wanapouma. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili. Tunao maofisa mifugo katika kata. Kinachokosekana ni bajeti ya chanjo inayotolewa kwa wakati, dozi za binadamu katika vituo vya karibu, na daftari linaloonyesha mbwa huyu ni wa nani.

Wapo watakaosema kwamba kwa watu wa pwani mbwa ni najisi na mjadala umekwisha. Lakini sharti la kuosha alipogusa mate yake halijawahi kuwa ruhusa ya kumtesa. Katika masimulizi mashuhuri ya Kiislamu mtu alisamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa na kiu. Asiyetaka kufuga asifuge, na hiyo ni haki yake. Aliyefuga ameshabeba dhamana.

Mbwa wangu hajawa malaika. Hatoki bila kamba wala kifuniko cha mdomo, na sitamwacha peke yake na mtoto yeyote. Mtoto wa jirani alimaliza dozi zake na kovu limebaki. Anapopita huvuka kwanza upande wa pili wa barabara, nami sijamwambia kwamba hakuna haja. Ana haki ya kuogopa, na hofu yake pia ni taarifa ninayopaswa kuisikiliza. Mama yake tunasalimiana. Juzi aliniuliza kama kadi ya chanjo ni hai. Nikaingia ndani, nikaileta, akaisoma tarehe kwa makini, akanirudishia. Natamani viongozi wote wa nchi hii wangeulizwa kadi zao kwa utulivu ule, na wangekuwa na adabu ya kwenda kuzileta.