Breki ya Mbele Imelala: Kwa Nini Rikoli za Pikipiki Hazifikangi Masalani

Uliza msee wa nduthi pale Masalani breki zake ziko aje. Atakwambia "ziko fiti", halafu akanyage ya nyuma ndio uone. Ya mbele hataigusa. Si eti anakudharau. Kwa mchanga wa Ijara, ukifinya breki ya mbele ghafla tairi inazama, usukani unapinda, na wewe unaendelea na safari bila pikipiki. Kila mtu aliyejifunza kuendesha huko alianguka hivyo mara moja, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia unajua kazi moja tu: moto.

Shida ni kwamba breki ya mbele ndio breki yenyewe. Ukifunga breki, uzito wote wa nduthi, wako na wa abiria unakimbilia mbele. Tairi ya nyuma inakuwa nyepesi, inateleza. Kwa lami kavu, ile ya mbele ndiyo inafanya sehemu kubwa ya kazi. Sasa chukua kijana ambaye ameendesha mwaka mzima kati ya Masalani, Kotile na Hulugho na ya nyuma peke yake, mpeleke Garissa mjini kwa lami, mtoe lori mbele yake bila indiketa. Anakanyaga nyuma, inateleza. Anakumbuka ya mbele, anafinya, na hakuna kitu. Imelala miezi. Waya imeshika kutu, au kama ni ya diski, pistoni imegandana ndani ya kalipa.

Halafu watu husema Ijara ni tambarare, hakuna milima, breki za nini? Maze, huko kinachokusimamisha si mlima. Ni ng'ombe. Ni kundi linakata barabara jioni likitoka malishoni, vumbi limefunika kila kitu, na ndama mmoja ameamua kurudi. Ni twiga, ambaye ukimuona miguu tayari umechelewa kumuona kichwa. Breki ya Ijara inahitajika mara chache kuliko ya Kisii, lakini ikihitajika inahitajika yote, mara moja.

Na hapa nduthi si ya kwenda raha tu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unageuka gundi, magari yanakwama, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anafikishwa hospitali ya Masalani akiwa katikati ya dereva na dada yake. Hiyo ni ambulensi. Ambulensi ambayo hakuna mtu amewahi kuifungua breki tangu itoke dukani.

Sasa twende mbali kidogo, halafu turudi.

Oktoba 2013, Suzuki iliita pikipiki zake za GSX-R zirudi kwa madila, zile za 600, 750 na 1000 zilizotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2013. Marekani peke yake zilikuwa zaidi ya 210,000. Hiyo ndiyo inaitwa rikoli: kampuni inakubali kuna kitu hakiko sawa, inatafuta wenye bike na kuwatengenezea bure. Shida ilikuwa masta silinda ya breki ya mbele, kile kikopo cha mafuta kilicho karibu na lever. Mafuta ya breki yakizeeka ndani, pistoni inaliwa na kutu, kutu inatoa gesi, na gesi haipati njia nzuri ya kutoka kwa sababu tundu liliwekwa upande. Ukifinya lever, unafinya hewa. Hewa inakubali kufinywa, mafuta hayakubali. Hapo breki zinaisha.

Kuna jamaa wa jimbo la Georgia ambaye breki yake ya mbele ilimkataa Agosti 2013, miezi miwili kabla ya hiyo rikoli. Aliumia vibaya sana. Akaenda kotini, na jopo likampa dola milioni 10.5. Lakini hapa ndio sikiza: jopo hilo hilo lilisema asilimia 49 ya makosa ni yake. Kwa nini? Kitabu cha bike kilisema badilisha mafuta ya breki kila miaka miwili. Yeye alikaa nayo karibu miaka 8 bila kubadilisha. Mahakama ya Juu ya Georgia ilikubaliana na huo mgao mwaka wa 2020, kwa hivyo karibu nusu ya pesa ikakatwa. Kampuni ilitengeneza kitu kibovu, sawa. Lakini pia wewe ulikuwa wapi?

Harley-Davidson nao, Februari 2018, waliita bike karibu 175,000 Marekani, na karibu 250,000 ukihesabu dunia nzima. Kisa ni kile kile: mafuta ya breki yasiyobadilishwa yanaacha uchafu ndani ya mfumo wa ABS, na breki zinaweza kukosa kushika. Dawa waliyotoa? Kuosha mfumo na kuweka mafuta mapya. Hiyo tu. Na India, ambako Boxer na TVS zetu zinatoka, Royal Enfield mwaka wa 2019 waliita bike kama 7,000 kwa sababu ya bolti ya kalipa ya breki. Bolti moja.

Rudi Masalani. Tuseme kesho kampuni iseme nduthi za modeli fulani zina masta silinda mbovu. Huyo msee wa Kotile atajuaje?

Rikoli huenda kwa namba ya fremu na jina la mwenye chombo. Sasa angalia logibuku ya nduthi ya kawaida huku. Kama ni ya mkopo, kampuni ya mkopo ina jina lake pale mpaka umalize kulipa. Kama ni ya mkono wa pili, imeuzwa Garissa, ikauzwa Bura, ikafika Masalani, na jina kwa karatasi bado ni la mtu wa kwanza, aliyebadilisha namba ya simu mara tatu. Ujumbe utamfikia mtu ambaye hana hata tairi ya hiyo pikipiki. Dila mwenye ruhusa ya kampuni yuko mbali zaidi ya kilomita 100 za barabara unayoijua. Na siku ya kwenda huko ni siku bila kazi, huku mkopo wa kila siku haupumziki.

Kisheria hatujakosa kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, haki ya kupewa habari, na haki ya kulindwa afya na usalama. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kuna Mamlaka ya Ushindani chini ya sheria ya 2010, ambayo inahusika na bidhaa hatari sokoni. Kuna KEBS kwa ubora. Na NTSA iko na kanuni za pikipiki za 2015. Lakini karao akikusimamisha, anauliza helmeti, anauliza rifleta, anahesabu abiria. Sijawahi kuona akifinya lever ya breki. Na ajali ikitokea, ripoti ni sentensi moja tunayoijua wote: dereva alipoteza mwelekeo. Alipoteza mwelekeo kwa sababu gani? Breki haina mdomo wa kujitetea, na mara nyingi dereva pia hayuko tena wa kueleza. Kwa hivyo hesabu ya breki mbovu haipatikani, na kisichohesabiwa hakiwezi kuitiwa rikoli.

Kwa mtazamo wangu, pressure ya kwanza iende kwa wanaotoa mikopo. Hao ndio wana namba ya fremu, namba ya simu inayofanya kazi, na wengine wana hadi trekka ndani ya nduthi. Wanajua uko wapi ukichelewesha malipo ya siku mbili. Basi wanaweza kukupata pia breki ikiwa na shida. Kama SMS ya deni inafika Hulugho, ya rikoli pia inaweza kufika.

Tukingoja hiyo, kuna kazi ya mikono. Boxer nyingi za boda bado ni dramu mbele na nyuma, hazina mafuta ya breki, ni shuu na waya au rodi. Hizo adui yao ni mchanga na maji. Ukivuka maji, breki ya dramu inalegea mpaka ikauke, kwa hivyo endesha polepole ukiigusa kidogo kidogo hadi uisikie inashika. Na kama nati ya kukaza imefika mwisho wa nyuzi, shuu zimeisha, wacha kutafuta nati ingine.

Lakini modeli mpya nyingi zinakuja na diski mbele, na hapo ndio watu wanapotea, kwa sababu fundi amezoea dramu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanakunywa unyevu kutoka hewani hata ukiwa umefunga. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi 205 hivi. Ikishakunywa maji inaweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230, ikishuka ni 155. Ikichemka ndani ya kalipa inatoa mvuke, na umerudi kwa ule msee wa Georgia. Kwa hivyo angalia kidirisha cha kikopo pale kwa usukani. Mafuta mapya yana rangi ya chai isiyo na majani, karibu maji. Yakiwa kama kahawa, yameenda. Usikubali lile kopo limekaa wazi dukani tangu Ramadhan iliyopita, hilo limeshakunywa unyevu wake. Na tafadhali, usimwage oili ya injini humo. Mipira ya ndani inavimba na breki inaisha kabisa, hata kama siku ya kwanza ilionekana poa.

Kabla ya kufungua kifuniko, kifute. Vumbi la Ijara likiingia humo linakwangua silinda. Kublidi ni watu wawili: mmoja anafinya lever na kuishikilia, mwingine analegeza nipo ya kalipa kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga, ndipo lever inaachiliwa. Ukiiachilia kabla nipo haijafungwa, umevuta hewa ndani tena, anza upya. Rudia mpaka mapovu yaishe, na usiache kikopo cha juu kikauke katikati ya kazi. Mafuta yasiguse pedi wala rangi ya tangi, yanaila rangi vibaya.

Gharama ya chupa ndogo ni kama veve ya siku, na inatakiwa kila miaka miwili.

Jaribu hii leo jioni, nduthi ikiwa imesimama. Finya lever ya mbele kwa nguvu na uishikilie ukihesabu hadi 30. Ikizidi kuzama polepole kuelekea usukani, au ikihisi laini kama sponji, usibebe mtu kesho.