Jua Lichukue Kazi ya Mkaa

Mji wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, uko kwenye kimo cha karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake ni ya baridi. Askari anayetakiwa gwarideni mapema haogi bila kutetemeka maji yaliyolala usiku kucha ndani ya jerikani, na mtoto mchanga haogeshwi kabisa kwa maji hayo. Basi mama wa nyumba huamka gizani, akawasha jiko la mkaa, akateleka maji ya kuoga kabla hajateleka chai. Jioni kazi hiyo hurudiwa.

Hesabu yake yafaa ifanywe. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 45 za Sentigredi kunahitaji joto linalozidi kidogo nusu ya yuniti moja ya umeme. Jiko la kawaida la mkaa, ambalo hupoteza joto lake jingi hewani, hula karibu nusu kilo ya mkaa kwa kazi hiyo. Nyumba inayotumia majerikani matano kwa siku huteketeza zaidi ya kilo mbili za mkaa kila siku ili watu waoge tu. Mali bila daftari huisha bila habari, na mshahara wa askari aghalabu huishia jikoni kwa njia hiyo.

Tena hasara si ya fedha peke yake. Sufuria ya maji yanayochemka, inapobebwa katika ujia mwembamba wenye watoto, ni hatari ya kila siku. Na jiko la mkaa linaloingizwa ndani ili kufukuza baridi, milango ikiwa imefungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

JUA LINAVYOPASHA MAJI

Katika nchi za ikweta, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea joto la jua la wastani wa yuniti 4 hadi 5 kwa siku. Mtambo wa kupashia maji hauhitaji ufundi wa ajabu kulikamata. Una bamba jeusi lenye mabomba membamba, limelazwa ndani ya sanduku na kufunikwa kioo, na juu yake kuna tangi lililozungushiwa kitu cha kuhifadhi joto. Maji yanayopata moto ndani ya mabomba huwa mepesi, yakapanda tangini. Maji baridi, yaliyo mazito, hushuka kushika nafasi yake. Mzunguko huo huendelea mchana kutwa bila pampu na bila umeme. Bamba la mita mbili za mraba, siku ya jua zuri, laweza kupasha kiasi cha lita 150 za maji ya kuogea.

Kama ni hivyo, kwa nini paa nyingi zingali tupu? Jibu ni bei. Mkaa hununuliwa kwa kopo na kwa ndoo, lakini mtambo hudai fedha zote siku moja. Mtu wa kipato kidogo hulazimika kununua kilicho ghali kwa sababu huuzwa kidogo kidogo.

NCHI ZILIZOKATA BEI

Nchi zilizofaulu ni zile zilizoligawa deni hilo. Kisiwa cha Barbados, katika bahari ya Karibi, kiliwaondolea watengenezaji wa mitambo hiyo ushuru wa vifaa kuanzia mwaka 1974, na mwaka 1980 wenye nyumba wakaruhusiwa kupunguziwa kodi ya mapato kwa gharama ya mtambo. Leo mitambo hiyo ni kitu cha kawaida juu ya paa za kisiwa hicho.

Tunisia nayo mwaka 2005 ilianzisha mpango wake. Serikali ilitoa ruzuku kwa sehemu ya bei, benki zikakopesha sehemu iliyobaki, na mkopaji akalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano ndani ya ankara yake ya umeme.

Afrika Kusini yatoa fundisho la upande wa pili. Ilikusudia kuweka mitambo milioni 1 katika miaka mitano hivi kuanzia mwaka 2009, lakini lengo hilo halikufikiwa. Mingine iliyowekwa ilivuja, na penye mtambo uliovuja pasipo na fundi, mwenye nyumba hurudi kwenye moto wake. Kwa hiyo anayenunua mtambo na aulize kwanza: nani atautengeneza?

KATIKA NYUMBA ZA KAMBI

Askari ana shida yake ya pekee. Nyumba anayokaa si mali yake, na barua ya uhamisho yaweza kufika wakati wowote. Hapana busara kumtaka afunge kwa fedha zake mtambo atakaouacha. Mtambo wa kambini yafaa uwe mali ya paa, yaani ufungwe na mwenye nyumba, hasa majengo mapya yanapojengwa, kwa kuwa wakati huo gharama ya mabomba huwa nafuu. Lakini kwa askari anayejijengea kwao, vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi wa Uganda na Exodus kwa polisi wake, vipo kwa ajili ya mahitaji ya namna hiyo.

Anayengojea si lazima akae bure. Na atengeneze sanduku la mbao, alitandike maranda au nyasi kavu, alaze ndani yake jerikani la lita 20 lililopakwa rangi nyeusi, kisha alifunike kwa kioo. Jerikani lililowahi kutia dawa ya wadudu lisitumike kamwe, wala kifuniko kisikazwe sana, maana maji yakipata moto hutanuka. Liwekwe juani tangu saa tatu asubuhi. Ifikapo saa kumi alasiri lifunikwe blanketi. Siku ya jua kali maji yatatosha kumwogesha mtoto jioni bila kuwasha moto, ila mama na ayajaribu kwanza kwa kiwiko. Maji hayo ni ya kuoga; ya kunywa yaendelee kuchemshwa.

Siku za mawingu jiko litaitwa tena, na si aibu. Lakini kila siku ya jua ni nusu kilo ya mkaa iliyobaki guniani, na mama atakayelala robo saa zaidi.