Weka Nyundo Chini, Fundi
Na Mwana wa Dereva

Jumanne nilirudi nyumbani mikono ikitetemeka kwa hasira, na hadi leo sijatulia. Nimeshuhudia bushi mpya, niliyoihangaikia majuma mawili, ikipondwa kwa nyundo ya ratili 4 kama nyoka aliyeingia jikoni.

Gari lenyewe ni Landrova 109 ya marehemu baba.

Springi ya nyuma kulia ilikuwa inalia kila nikivuka tuta. Bushi ya kwenye chesisi ilikuwa imekwisha. Kwa asiyeijua, bushi ni bomba la chuma ndani ya bomba jingine, na katikati yake mpira ulioshikana na yote mawili. Kazi ya kuibadilisha si kubwa, ila inataka utulivu.

"Mzee, hii dakika kumi tu," aliniambia fundi nilipolipeleka gari gereji.

Akawasha gesi, akachoma mpira wa zamani mpaka bomba la ndani likadondoka. Akatazama tundu kwa mbali, akasema liko safi. Akaweka bushi mpya mdomoni mwa tundu, akagonga. Ikakataa. Akagonga tena, ikaingia nusu kidole, ikakaa upande. Ukingo wake ukaanza kufunguka kama ua. Spanaboi wake, kijana wa miaka kama 17, akatumwa kuleta nyundo kubwa zaidi. Fundi akapandisha sauti: "Spea za siku hizi feki!"

Hapo ndipo nilipomwambia aache. Nilichukua tochi, nikalala chini ya gari, nikamulika lile tundu. Ndani yake kulikuwa na duara jembamba la rangi nyingine, limeoza, limegandamana na chesisi. Lilikuwa ni bomba la nje la bushi ya zamani. Halikutoka! Fundi alikuwa anaisukuma bushi mpya ndani ya ganda la bushi ya zamani, kisha anailaumu kwa kutokuingia.

Ndugu zangu, kipuri kisichoingia kinakuambia jambo. Mafundi wetu wengi hawataki kusikia, kwa sababu wanalipwa kwa idadi ya magari yanayotoka getini, na sisi wenye magari tumewazoesha kwa kusimama pembeni tukiuliza "bado?" Nyundo ni jibu la mtu anayekimbizwa. Mkunga hamvuti mtoto kwa sababu nje kuna foleni.

Na Landrova inataka macho kuliko gari jingine. Ya kwanza, ya mwaka 1948, ilipewa bodi ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Hata Landrova za Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zilibaki hivyo: bodi alumini, chesisi chuma. Juu inang'aa, chini kutu inakula kimya kimya. Baba alikuwa akinilaza chini ya gari hili nikiwa mdogo na kuniambia, huku ndiko gari linakoishi.

Nililitoa gari pale, springi imefungwa kwa muda, nikaenda mwendo wa kinyonga kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati mawili. Hakugusa nyundo. Alipitisha bapa la msumeno wa chuma ndani ya tundu, akalikata lile ganda mstari mmoja, taratibu, akisimama kila mara kupapasa kwa kidole asije akaijeruhi chesisi. Kisha akalikunja kwa patasi ndogo, likatoka. Akapiga msasa, akapaka maji ya sabuni, akaivuta bushi ya pili (bahati nilinunua mbili) kwa bolti ndefu na washa nene. Kila alipozungusha spana, iliingia uzi kwa uzi, imenyooka.

Nikamwomba akaze tumalize. Akakataa. "Shusha gari kwanza, mwanangu." Mpira wa bushi hauzunguki, unajinyonga. Ukikaza bolti springi ikining'inia, gari likishuka mpira tayari umekwisha kujikunja, na mashimo machache tu yataanza kuuchana. Akakaza magurudumu yakiwa ardhini. Nilirudi nyumbani, tuta kwa tuta, kimya.

Ile bushi iliyopondwa nimeiweka kwenye dashibodi. Fundi yeyote atakayetaka kuigusa Landrova ya baba nitamwonyesha hiyo kwanza. Akiomba tochi, tutafanya kazi. Akiomba nyundo, nawasha gari naondoka.